Kiwiko Kinachouma Chataka Kazi Nyepesi, Si Sindano



Kuna ugonjwa mmoja katika mashamba yetu ambao hauui mtu, haumlazi kitandani, wala haumpi sura ya mgonjwa. Kwa sababu hiyo hauhesabiwi. Mwenye ugonjwa huu akimwambia nyapara ya kuwa mkono wamwuma, nyapara hutazama mkono, haoni damu wala uvimbe, naye hujibu ya kuwa kilo ni kilo. Ugonjwa wenyewe ni maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, pale penye kifupa kilichotokeza. Huanza kidogo kidogo, na baada ya miezi michache mtu hawezi kuinua birika la chai asiuwachie.

Waulizeni wachuma chai wa Imenti, Kinoro, Githongo na Michimikuru, au wa Mungania na Rukuriri upande wa Embu. Waulizeni wanaopogoa kahawa kwa makasi kutwa nzima, wachonga mawe, maseremala, mafundi wa magari, na vijana wanaopakia magunia ya majani chai. Waulizeni akina mama, ambao wakitoka shambani huenda kukamua ng'ombe na kukamua nguo, kazi mbili ambazo kiwiko kibovu hakizipendi hata kidogo.

Wazungu huuita ugonjwa huu kiwiko cha tenisi, na jina hilo limetuponza. Mfanya kazi akisikia jina hilo hucheka, na mwajiri hucheka zaidi, kwa maana ni nani Igembe au Runyenjes aliye na raketi? Lakini daktari wa Kijerumani aitwaye Runge, aliyeandika habari zake mwaka 1873, aliuona kwa watu walioshika kalamu mchana kutwa. Jina la tenisi liliingia baadaye, mwaka 1882, Waingereza walipokuwa wakicheza tenisi katika nyua zao za majani. Basi ulikuwa ugonjwa wa makarani kabla ya kuwa ugonjwa wa mabwana. Wengi wanaoupata leo hawajacheza tenisi hata siku moja. Katika kila watu wazima 100, mmoja hadi watatu huwa nao, na zaidi ni wenye umri wa miaka 35 hadi 55, yaani watu wenye watoto shuleni.

Nataka kusema jambo moja juu ya ugonjwa huu, nalo ni hili: dawa yake yajulikana, haina gharama kubwa, na haihitaji kisu. Kinachotukosesha dawa hiyo si umaskini wa hospitali. Ni kwamba hakuna mkataba unaomruhusu mgonjwa kufanya kazi nyepesi kwa wiki kumi na mbili. Chama kisidai sindano. Kidai hizo wiki kumi na mbili.

Kwanza tuelewe kinachoharibika. Kunja ngumi kwa nguvu, kisha uweke mkono wa pili juu ya kigasha, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Utahisi nyama za juu zikikaza, ingawa ni vidole vinavyokunjwa upande wa chini. Sababu ni kwamba vidole haviwezi kushika kitu kwa nguvu mpaka kifundo kishikiliwe imara, na nyama hizo za juu ndizo zinazokishikilia. Zote hukusanyika katika kano zilizofungwa kwenye kile kifupa cha nje cha kiwiko. Kila unapochuma majani mawili na kichomozo, kila unapobana makasi, kano huvutwa. Hesabu mwenyewe mara ngapi kwa siku, maana mikono ya mchuma chai huenda kasi kuliko macho ya anayemtazama.

Kano hupata damu kidogo, kwa hiyo hujitengeneza polepole. Ikivutwa upesi kuliko inavyojitengeneza, nyuzi zake huharibika na kuvurugika. Madaktari waliozitazama kano hizo kwa darubini hawakukuta moto mwingi wa uvimbe kama walivyodhani zamani; walikuta nyuzi zilizochoka. Hili ni jambo kubwa, kwa maana dawa za kupoza uvimbe zitapunguza maumivu lakini haziwezi kusuka upya nyuzi zilizochoka. Vidonge kama ibuprofen vyafaa kwa siku chache, pamoja na chakula, na mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asivitumie bila kumwuliza daktari. Dawa ya kupaka ya diclofenac haisumbui tumbo sana. Zote ni za kumpa mtu usingizi, na usingizi ni kitu chema, lakini zisidhaniwe kuwa ndizo matibabu.

Sasa nije kwenye sindano. Sindano ya kotizoni yapendwa na pande zote mbili. Mfanya kazi huipenda kwa sababu katika siku chache maumivu huondoka kama yamefukuzwa. Mwajiri huipenda kwa sababu mtu huchomwa Ijumaa na Jumatatu yuko shambani. Nimeona zahanati moja ya shamba, ambayo sitaitaja, ambapo hakuna mazoezi wala kadi ya kazi nyepesi, ila sindano, na akina mama hupanga mstari.

Tazameni hesabu. Huko Uholanzi madaktari waliwagawa wagonjwa 185 wa kiwiko mafungu matatu, wakachapisha matokeo mwaka 2002. Fungu la kwanza walichomwa sindano, la pili walipata fiziotherapia, yaani matibabu kwa mazoezi na kukandwa, na la tatu walipewa shauri tu na kuambiwa wangoje. Baada ya wiki sita, waliochomwa sindano walikuwa wakisherehekea: katika kila 100, 92 walisema wamefaulu, na wale wa mazoezi walikuwa 47, na waliongoja 32. Kama wangeacha kuhesabu hapo, mimi pia ningewaambia mkachomwe. Lakini baada ya mwaka mzima wa mazoezi walikuwa 91, waliongoja tu 83, na waliochomwa sindano 69. Waliochomwa walikuwa chini hata ya wale ambao hawakufanyiwa kitu! Waaustralia walifanya uchunguzi wa namna hiyo, wakatoa habari zake mwaka 2006, nao waliona ya kuwa katika waliopona kwa sindano, wapatao 72 katika kila 100 walirudiwa na maumivu. Mwaka 2013 Waaustralia tena, kwa wagonjwa 165, walilinganisha sindano ya kotizoni na sindano ya maji yasiyo na dawa. Baada ya mwaka, waliochomwa maji ndio waliokuwa na hali njema zaidi.

Ndugu mmoja aliniambia, "Wewe wasema mambo ya mwaka mzima, na mimi nataka karo ya muhula huu." Neno lake si la upuuzi. Anayelipwa kwa kilo hawezi kula takwimu. Lakini chai yetu haina msimu mmoja ikaisha. Huchumwa Januari na huchumwa Desemba. Sindano humpa mtu wiki sita za mkono mzuri, naye katika wiki hizo hukimbilia kilo nyingi zaidi ili kulipa madeni, juu ya kano ambayo bado ni mbovu. Kisha maumivu hurudi, naye huomba sindano ya pili, na ya tatu, na dawa hiyo ikirudiwa rudiwa huweza kudhoofisha kano yenyewe. Anayefaidika na jambo hilo ni kituo cha kununulia majani, si mtoto anayetakiwa karo.

Wengine watasema: kama katika walioambiwa wangoje 83 katika 100 walipona, basi na sisi tungoje. Ni kweli ya kuwa ugonjwa huu kwa watu wengi huisha wenyewe katika mwaka mmoja au zaidi kidogo. Lakini mtu wa ofisini akingoja, mkono wake pia wapumzika. Mchuma chai akingoja, anangojea huku akiendelea kujiumiza. Wenye kazi nzito za mikono hupona polepole kuliko wengine, na hilo halihitaji profesa kulieleza.

Matibabu yenyewe ni haya, nami nitayaeleza kwa urefu kwa sababu mtu aweza kuyafanya nyumbani, Kionyo au Manyatta, bila nauli.

Kano haitaki kulala kabisa. Kuufunga mkono katika kitambaa shingoni kwa mwezi mzima huifanya kano kuwa dhaifu zaidi, na siku ya kurudi shambani huumia upya. Inataka kazi ndogo inayoongezwa taratibu. Keti kwenye kiti, weka kigasha juu ya meza, kiganja kikitazama chini, mkono ukining'inia nje ya ukingo wa meza. Shika chupa ya nusu lita iliyojaa maji. Hiyo ni kama nusu kilo. Wiki za kwanza usiipandishe wala kuishusha. Ishikilie tu, mkono ukiwa sawa na meza, kwa muda wa kuhesabu polepole hadi 30 au 40. Pumzika dakika moja. Rudia mara nne au tano. Kwa wengine maumivu hupungua palepale.

Kazi hiyo ikizoeleka, anza ya pili. Pandisha chupa ukisaidiwa na mkono mzima, kisha uondoe mkono mzima na uishushe kwa mkono mgonjwa peke yake, polepole, ukihesabu hadi nne. Kushusha ndiko kunakojenga kano, kupandisha si shabaha yetu. Fanya mara kumi hadi kumi na tano, pumzika, na urudie hivyo mara tatu. Mara moja kwa siku yatosha. Baada ya wiki mbili tatu, kama kazi imekuwa rahisi, tumia chupa kubwa zaidi, mpaka ufike lita moja, na mwenye kazi nzito aendelee mbele. Asiye na meza atumie paja lake.

Itauma. Hapa ndipo wengi huacha. Maumivu ambayo ungeyapa alama 3 au 4 katika 10, yanayotulia kabla ya asubuhi, si adui. Kama asubuhi mkono ni mbaya kuliko jana, punguza maji ndani ya chupa, usiache. Usitazamie makuu kabla ya wiki sita, na usihukumu mazoezi haya kabla ya wiki kumi na mbili. Najua hakuna mtu anayefurahia kusikia "wiki kumi na mbili", lakini hata mbegu za kahawa hatuzifukui kila asubuhi kuona kama zimeota.

Juu ya kazi za kila siku: inua vitu kiganja kikitazama juu, kiwiko kikiwa karibu na mbavu, na kwa mikono miwili pale inapowezekana. Makasi ya kupogolea yatiwe makali na mafuta, kwa maana makasi butu hudai nguvu maradufu kwa kila tawi, na nguvu hiyo hutoka kwenye kiwiko. Mpini mwembamba wa panga au nyundo uzungushiwe mpira wa tyubu kuukuu ili uwe mnene kidogo na usiteleze. Mkono hautalazimika kubana sana. Kuna mkanda unaofungwa juu ya kigasha, vidole viwili chini ya kiwiko. Huwasaidia wengine wakati wa kazi, hauwasaidii wengine, na haufai kulala nao.

Penye nafasi, mtu aende kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Wako katika hospitali kubwa ya serikali ya Meru na ile ya Embu, na hospitali za misheni zilizo jirani zafaa kuulizwa. Mtaalamu ataona kama maumivu yatoka kiwikoni kweli au shingoni, atakanda, ataongoza mazoezi, na atajua wakati wa kuyaongeza. Nenda pia kwa daktari upesi kama kiwiko kimevimba na kina joto, kama una homa, kama vidole vina ganzi au vimelegea, kama mkono haukunjuki, au kama yote yalianza kwa kuanguka. Hayo si ugonjwa ninaousema hapa.

Kisu, kwa uchache. Upasuaji upo, lakini ni kwa wachache sana ambao wamejaribu mengine yote kwa muda mrefu. Huko Sydney wagonjwa 26 waligawanywa, nusu wakapasuliwa kweli na nusu wakachanjwa ngozi tu bila kuguswa kano. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 hayakuonyesha ya kuwa waliopasuliwa kweli waliwashinda wenzao. Vilevile sindano ya damu ya mtu mwenyewe, inayouzwa ghali mijini. Tafiti zilizokusanywa na kupimwa pamoja mwaka 2021 hazikuona faida yake ya maana. Mtu asiuze mbuzi kwa ajili hiyo.

Basi chama kifanye nini?

Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka. Ni haki, na idaiwe. Lakini siku 14 hazitoshi kwa kano inayotaka wiki 12, na zaidi ya hayo mapumziko matupu si dawa yake. Kwa hiyo kudai siku za ugonjwa peke yake ni kudai kitu kisichofaa. Tudai kazi nyepesi, kwa mshahara usiopungua wastani wa miezi mitatu iliyotangulia, kwa mtu mwenye cheti cha daktari au cha afisa wa kliniki. Tudai pia saa za kwenda kwa mtaalamu zisikatwe.

Mwajiri akisema ya kuwa huu si ugonjwa wa kazi, aonyeshwe orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani iliyosahihishwa mwaka 2010. Ugonjwa huu wa kiwiko, utokanao na kazi ya nguvu inayorudiwa rudiwa, umeandikwa humo waziwazi. Hapa kwetu tuna Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo yazungumza juu ya magonjwa ya kazi pia, si ajali tu, na Mahakama ya Juu iliithibitisha mwaka 2019. Wachuma chai wa Kericho waliofanya kazi katika mashamba ya James Finlay walipeleka madai yao ya migongo na viungo hadi mahakama ya Edinburgh huko Scotland, na mwaka 2023 majaji wa rufani huko waliisimamisha kesi kwa kusema njia ya sheria ya Kenya ijaribiwe kwanza. Sawa, ijaribiwe. Lakini haiwezi kujaribiwa na mtu asiye na karatasi. Ugonjwa unaoingia polepole hauna shahidi kama kidole kilichokatwa na mashine. Kila anayeumwa aandikishe maumivu yake katika kitabu cha zahanati tangu mwezi wa kwanza, ataje kazi anayoifanya, na aweke kadi yake nyumbani mahali pakavu.

Liko jambo gumu, nami silifichi. Hapa Meru na Embu mwajiri wa mchuma chai mara nyingi si kampuni. Ni jirani mwenye eka moja au mbili, ambaye hana kazi nyepesi ya kumpa mtu, na yeye mwenyewe huenda kiwiko chamwuma. Kwa jirani huyo mkataba wa kurasa ishirini ni bure. Kwake yafaa mapatano ya mdomo mbele ya watu wawili: mgonjwa achume nusu siku, na nusu nyingine mwingine ashike mstari wake, kisha nafasi yake isichukuliwe. Aliyefanya kibarua mfululizo kwa mwezi mmoja, sheria humhesabu tofauti na kibarua wa siku, na majirani wengi hawalijui hilo. Wajumbe walieleze kwa upole, maana tutaendelea kukutana nao kanisani na sokoni.

Lakini penye kiwanda, shamba kubwa au chama cha ushirika cha kahawa, hakuna udhuru. Kazi nyepesi zipo. Kuna kupima na kuandika kilo, kuchambua majani, kuchagua kahawa kwenye meza za kuanikia, kuangalia miche kitaluni, kufundisha wageni kuchuma. Wajumbe wa kila tawi waandike orodha yao wenyewe kabla ya mazungumzo ya mkataba, wakiwauliza wenye viwiko vibovu ni kazi ipi huuma na ipi haiumi. Na kupalilia kwa jembe kusiingizwe katika orodha hiyo, hata kama meneja akisema ya kuwa ni kazi ya polepole.